Maneno Kumi na Mawili ya Kwanza

Jumatatu, Machi 4

Mvua imeanza alfajiri na bili imeingia saa tatu asubuhi. Mvua angalau ilitanguliwa na mawingu.

Mhasibu hakunipigia simu. Alikuja mwenyewe, na bili ameichapisha, jambo ambalo kwa mtu anayehesabu karatasi zetu za chooni si dogo. Akaisoma kwa kipimo chake cha siku zote, magunia ya pumba. Kompyuta tulizokodi mtandaoni, kwenye hilo linaloitwa wingu, kwa mwezi mmoja zimekula magunia mengi kuliko ng'ombe wote wa chama wanavyokula kwa wiki. Alisema hayo akiniangalia tumboni, utadhani nimeyala mimi.

Saa tano nikaitwa kwa Mwenyekiti. Yeye hapandishi sauti, na ndiyo maana tunamwogopa. Aliniambia niipunguze bili iwe nusu kabla mvua hazijaisha, mwishoni mwa Mei. Nikishindwa, Karani atazimwa, chama kirudi kwenye daftari, na daftari halihitaji fundi.

Niandike hapa, ili nikifukuzwa nikumbuke nilikuwa nafanya nini. Chama chetu ni cha wafugaji wa maziwa. Kila alfajiri wanachama wanatuma ujumbe kwa simu: lita ngapi, barabara inapitika au haipitiki, nani anaumwa zizini. Programu niliyoitengeneza inausoma kwa akili mnemba, kisha inaupeleka kwa dereva wa lori au kwa Daktari wa mifugo. Wanachama wanaiita Karani. Enzi za daftari, lori lilikuwa linapanda kilima kizima kufuata maziwa, linakuta daraja limeondoka na maji, linarudi tupu, na maziwa yanamwagwa. Hayo ndiyo tutakayorudia.

Jumatano, Machi 6

Mvua. Mhasibu ameuliza kwa nini tunalipia wingu wakati mawingu yote haya yanatunyeshea bure. Nimecheka kwa adabu.

Ijumaa, Machi 8

Nimeipekua bili mstari kwa mstari na nimeona aibu ya kwanza. Tumekodi seva kumi na mbili, zinawaka usiku na mchana. Kazi ya maana inafanyika saa moja tu, alfajiri, maziwa yanapopimwa. Saa zinazobaki, seva kumi kati ya hizo zimekaa tu zinapumua kwa pesa zetu. Nimepanga ziwake alfajiri na kuzimika jua likichomoza, zibaki mbili.

Nilimweleza Mhasibu kwa furaha. Akafurahi pia, kisha akauliza ni nani aliyeziwasha zote kumi na mbili hapo mwanzo. Nikamwambia nina kikao.

Jumapili, Machi 10

Shangazi amepiga simu. Shangazi ndiye aliyenilea, na ng'ombe wake ndiye aliyenisomesha. Huyu aliyepo sasa anaitwa Karo kwa sababu mama yake ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Ana mimba, atazaa Aprili. Nimemwambia Shangazi likitokea lolote anipigie mimi moja kwa moja. Amekataa katakata. Hataki watu waseme shangazi wa Fundi anapitia mlango wa nyuma. Atamwandikia Karani kama wenzake.

Jumanne, Machi 12

Mvua. Mzaha wa mawingu, mara ya tatu.

Ijumaa, Machi 15

Nimempata mwizi. Ni salamu.

Akili mnemba tunailipia kwa neno, kila linaloingia na kila linalotoka. Leo nimeyapanga maneno ya wiki nzima kwa mafungu, na zaidi ya nusu hayana lita, hayana barabara, hayana ng'ombe. Ni habari za asubuhi, za huko, za kazi, za mvua, mmeamkaje, watoto hawajambo? Mwanachama anasalimia, Karani anaitikia na kumuuliza za nyumbani, mwanachama anamwambia ni nzuri na kumuuliza za kwake, Karani anamwambia ni nzuri sana, na za mifugo je? Lita zinatajwa kwenye ujumbe wa tano.

Karani hana kosa. Mimi ndiye niliyemwandikia maagizo, kwa mkono wangu, nikiwa najivunia malezi yangu: "Uwe na adabu. Usiwe wa kwanza kukata mazungumzo."

Jumatatu, Machi 18

Sijui nianzie wapi.

Kampuni inayotukodishia lori nayo imenunua mashine yake ya kujibu ujumbe. Jumamosi asubuhi mashine hiyo ikamtumia Karani taarifa kwamba lori limeingia gereji. Ikatanguliza "Habari za asubuhi?" Karani akaitikia, akauliza za huko. Ya kwao ikajibu ni nzuri, ikauliza za kwetu. Ni wazi fundi wao naye alilelewa vizuri.

Wamesalimiana siku mbili. Jumapili saa nane mchana walikuwa wameshamaliza kazi, afya na hali ya hewa, wakaingia kwenye familia. Karani amewaambia kwamba watoto hawajambo na wanasoma kwa bidii. Nimewakatisha leo asubuhi, ya kwao ikiwa inauliza kuhusu wakwe.

Mhasibu alisoma kurasa zote, kidole kikipita mstari kwa mstari. Nilitegemea atafoka. Akavua miwani.

"Hao watoto wa Karani," akasema, "karo yao tunalipa sisi?"

Jumatano, Machi 20

Mwanachama mmoja, mama wa kule bondeni, ameleta trei ya mayai ofisini. Amesema ni ya Karani, kwa sababu anamjali kuliko mume wake. Nilitaka kumwambia Karani ni mashine. Mwenyekiti akanikanyaga mguu. Ana wasiwasi kwamba watu wakijua hawataandika tena. Mayai nimekula mimi, na hayakushuka vizuri.

Jumatatu, Machi 25

Daktari amekuja amelowa hadi soksi. Mwanachama alimuuliza Karani dawa ya kiwele kilichovimba, na Karani, ambaye hajawahi kuona kiwele, akamtajia dawa na kipimo chake bila kusita. Bahati nzuri mwanachama huyo alimpigia Daktari kuhakikisha. Daktari amesema kipimo kile kingelaza ng'ombe watatu na aliyewanywesha. Alisema kwa upole, huku anakamua soksi kwenye ndoo yangu ya taka.

Kuanzia leo Karani hataji dawa wala kipimo. Akisikia mnyama anaumwa, kazi yake ni moja: simu ya Daktari ilie papo hapo, mwenye mnyama aambiwe daktari ameitwa.

Jumanne, Aprili 2

Nimepata dawa ya salamu na sijalala vizuri hivi tangu mwaka jana.

Mlangoni nimeweka akili ndogo, ya bei ya chini, ambayo kazi yake ni kuchambua tu. Ujumbe ukiwa wa salamu, haumfikii Karani kabisa. Unajibiwa kwa sentensi moja niliyoiandika mimi, "Salamu zimefika, siku njema," na unafungwa. Na kwa kuwa hata hiyo akili ndogo inalipiwa kwa neno, nimeiambia isisome ujumbe wote. Maneno kumi na mawili ya kwanza yanatosha kabisa kujua mtu anataka nini.

Jumanne, Aprili 9

Bili ya wiki imeshuka zaidi ya nusu. Mhasibu ameninunulia chai, na ameniachia chenji.

Jumapili, Aprili 14

Shangazi anasema Karani amekuwa na majibu ya mkato siku hizi. Amemuuliza habari tatu akajibiwa kwa neno moja. Anahofia labda amefiwa. Nikamwambia Karani ana kazi nyingi, nikabadilisha mazungumzo.

Jumanne, Aprili 16

Daraja la chini limeondoka na maji saa kumi na moja alfajiri. Wanachama watatu wameandika kwa ufupi, "Daraja hakuna," na Karani akaligeuza lori kabla halijawasha taa. Hakuna lita iliyomwagika. Mwenyekiti amenipita kwenye korido akanikubalia kwa kichwa, na kwake hiyo ni hotuba. Mzaha wa mawingu, mara ya tisa. Leo nimecheka kweli.

Jumatano, Aprili 24

Mikono bado inanuka zizi na nimeshanawa mara nne.

Saa nne na dakika arobaini asubuhi nilikuwa ofisini nachora grafu ya bili, ile ya mteremko, nimwonyeshe Mwenyekiti. Ukaingia ujumbe mmoja, na papo hapo nikasikia simu ya Daktari ikilia chumba cha pili. Ujumbe ulikuwa wa maneno mawili:

"Karo anakufa."

Nikaangalia namba. Kisha nikayaangalia tena yale maneno, na kilichonitia baridi si kufa. Shangazi hakusalimia. Shangazi anasalimia hata akigongwa na baiskeli. Siku mjomba alipofariki alinipigia, akauliza habari za masomo, akauliza za wenzangu, akauliza kama nimekula, ndipo akaniambia. Katika maisha yangu yote sijawahi kupata neno lake lisilotanguliwa na salamu.

Nikafungua ujumbe wake wa nyuma. Alikuwa ameandika mara tatu. Wa kwanza ni wa jana saa kumi na moja jioni:

"Hujambo Karani? Habari za jioni? Habari za kazi? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu, mvua ni nzuri. Ila Karo amezaa jana na leo anayumba, hali chakula, na masikio yake ni ya baridi."

Nilihesabu kwa kidole kwenye kioo. Neno la kumi na mbili ni "tunamshukuru". Mashine yangu haikufika hata kwa Mungu. Ilimjibu salamu zimefika, siku njema.

Wa pili ni wa leo alfajiri. Salamu ndefu kama za jana, ila ameanguka. Siku njema. Wa tatu ni wa saa tatu. Samahani kwa usumbufu, habari za tangu jana, natumaini huko ni wazima, ila ameshalaza shingo. Siku njema.

Nilipanda pikipiki ya Daktari nyuma, nimeshika sanduku la dawa, kwenye tope ambalo lilitulaza mara mbili. Njia nzima aliniuliza ameanguka tangu lini, na mimi njia nzima nikajibu tangu alfajiri, tangu alfajiri, na sikuwa na ujasiri wa kuongeza neno.

Karo alikuwa amelala kwenye matope ya zizi, shingo imegeukia ubavuni, macho makavu. Shangazi alikuwa amemfunika kwa blanketi lake mwenyewe, lile jipya nililomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza. Daktari akamshika masikio, akasema ni homa ya maziwa. Ng'ombe akizaa, chokaa yote ya mwilini inakimbilia kwenye kiwele, kutengeneza maziwa. Akatafuta mshipa shingoni, akatundika chupa ya dawa, na kunikabidhi mimi niishike juu. Inaingia taratibu, alisema, ukiiharakisha unamuua. Basi nikasimama na chupa nimeiinua, mvua inaingia kwenye mkono wa blauzi na kutokea kiunoni, mimi ambaye wiki tatu hizi nimesifiwa kwa kuharakisha mambo.

Tulipofika nusu ya chupa ya pili, Karo akatetemeka mwili mzima, akacheua kwa kishindo usoni mwa Daktari, na baada ya robo saa akasimama. Akaanza kula blanketi.

Ndipo Shangazi akanigeukia. Nikamwambia shikamoo. Akaitikia, akaniuliza za kazini.

"Nzuri," nikasema. Nikaiweka chini chupa tupu. "Ila, shangazi..."

Akasubiri. Hakunihimiza, hakuniambia nimalizie. Alisimama kwenye mvua akanisubiri kama anavyomsubiri kila mtu, kwa sababu anajua habari yenyewe iko nyuma. Nikamwambia yote. Nikamwambia sikulogwa na mtandao haukukatika. Mimi ndiye niliyeiagiza mashine iache kumsikiliza kwenye neno la kumi na mbili, ili bili ishuke.

"Nilimwambia ng'ombe ameanguka," akasema, "akanitakia siku njema."

Alikwenda kuchota maji. Nililia zizini, na Karo akaendelea kula blanketi.

Alhamisi, Aprili 25

Nimesoma ujumbe wote uliofungwa tangu Aprili 2, kila mmoja mpaka mkiani. Katika ujumbe arobaini na mmoja mna "ila", au "lakini", au "isipokuwa tu". Mwingi ni mambo madogo: ila ndoo imetoboka, ila jirani ananung'unika, ila mke wangu anasema Karani asimsalimie asubuhi mapema namna hiyo. Saba ni wanyama wagonjwa. Sita walipona au waliita daktari kwa njia nyingine. Kwa mzee mmoja wa mtaa wa juu, ndama alikufa.

Nimekwenda kwake mwenyewe kwa miguu. Alinipa kiti kikavu na kuniuliza habari za kazi. Nilimwambia. Akasema yeye alidhani ameandika vibaya. Hilo limeniuma kuliko kama angenitukana.

Ijumaa, Aprili 26

Akili ndogo sasa inasoma ujumbe wote, mpaka neno la mwisho, na inaanzia kutafuta mkiani. Inagharimu zaidi kidogo. Haitungi jibu lolote, inachambua tu, kwa hiyo bado ni nafuu mno kuliko kumwamsha Karani. Ikiwa na shaka, haifungi, inampa mtu. Ningeweza kuifanya hivi tangu siku ya kwanza.

Jumamosi, Mei 4

Mkutano wa wanachama, ukumbi umejaa, bati linapigwa na mvua hata hatusikiani.

Asubuhi Mwenyekiti aliniita pembeni. Alinishauri niseme ilikuwa hitilafu ya mtandao. Mtandao, alisema, hauna shangazi wala mkataba. Nilikataa. Nilishaona uso wa yule mzee.

Nikasimama nikasema. Kwanza, Karani ni mashine, hajawahi kuwa mtu, na hana watoto. Pili, mashine haikukosea, ilifanya nilichoiagiza. Nikataja maneno kumi na mawili, ujumbe arobaini na mmoja, ndama mmoja. Nikaeleza nilichobadilisha. Nikakaa.

Mama wa bondeni, yule wa mayai, ndiye aliyesimama wa kwanza. Alisema walijua zamani. Mtu gani anaulizwa habari za nyumbani siku sitini, na siku zote sitini wote ni wazima? Watu wakacheka. Nikamuuliza mayai basi yalikuwa ya nani. Akasema ya anayemtunza Karani, na kwamba mimi kuonekana nimekonda hata baada ya trei nzima ni jambo la kuangaliwa.

Mhasibu hakucheka. Alisimama akapendekeza Karani azimwe leo leo. Bili imeshuka, alikiri, lakini mashine isiyosikia shida haina faida hata ikiwa ya bure. Na la ajabu ni kwamba alikuwa sahihi.

Kisha Shangazi akainua mkono. Akausalimia mkutano. Akamsalimia Mwenyekiti, akawasalimia wa mtaa wa juu na wa bondeni, akampa pole mzee wa ndama kwa kirefu. Akasema yeye ni mzima, ng'ombe mzima, ndama wa Karo mzima, mvua nzuri. Ukumbi mzima ukatulia kumsubiri. Hata Mwenyekiti aliweka kalamu chini.

"Ila," akasema. "Huyu ni mtoto wangu, kwa hiyo sitamtetea. Alibana mahali pasipobanwa. Kubana nilimfundisha mimi. Mahali pasipobanwa amejifunza juzi, zizini kwangu, na nyie ndio mmelipia hayo masomo. Mkimfukuza leo, mwenye faida ni atakayemwajiri kesho."

Akakaa na kupanga kanga yake.

Wamepiga kura. Karani anabaki, nami nabaki mpaka mvua ziishe, bili ikaguliwe tena. Wameweka masharti mawili. Karani ajitambulishe kwamba ni mashine kila anapoandika. Na kila siku saa kumi na moja jioni mtu wa ofisi, mwenye macho na masikio, asome ujumbe wote uliofungwa. Aliyependekezwa kuanza ni Mhasibu, kwa kauli moja, pamoja na kauli ya Mwenyekiti.

Jumatano, Mei 8

Mhasibu anasoma. Ananuna.

Jumatatu, Mei 13

Leo ameniuliza kama najua kwamba binti wa yule mama wa bondeni amefaulu mtihani. Mzaha wa mawingu hajautoa wiki nzima.

Jumanne, Mei 21

Saa kumi na moja imefika, Mhasibu hayupo mezani kwake. Nimemkuta stoo na simu, anampigia mwanachama mmoja. Ujumbe wake haukuwa na "ila" yoyote, ndiyo maana ulifungwa, lakini Mhasibu alisema yule bwana huandika salamu tano na leo kaandika mbili. Kumbe ana malaria, yuko peke yake, na ng'ombe hawajakamuliwa tangu asubuhi. Tumempelekea jirani. Hilo hakuna mashine yangu ingelijua, ndogo wala kubwa.

Ijumaa, Mei 31

Jua tangu asubuhi. Barabara zinatoa mvuke.

Bili imefika saa tatu. Iko chini ya nusu, ingawa imezidi ile ya Aprili kwa gunia moja na nusu la pumba. Nilisubiri Mhasibu aseme kitu kuhusu hilo gunia na nusu. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Gharama ya kusikiliza. Halali." Mwenyekiti akaweka sahihi kwenye mkataba wangu, mwaka mzima, bila kupandisha sauti.

Saa sita ukaingia ujumbe wa Shangazi kwa Karani. Hujambo mashine, habari za jua, habari za kazi, sisi hatujambo, Karo hajambo, ndama anaruka hovyo, majani yapo, tunamshukuru Mungu. Akili ndogo ikausoma wote, haikuona shida, ikamjibu kwa sentensi yake moja, ikaufunga. Ilifanya sawasawa.

Nami nikausoma mpaka mkiani. Nikaurudia. Haukuwa na "ila" hata moja.

Basi nikatoka nje kwenye jua nikampigia mwenyewe. Tumesalimiana nusu saa nzima, kwa vocha yangu.